Aliyewapaka Udongo Ng'ombe wa Wenzake

Wasomaji, niwieni radhi kabla hamjaanza. Nilisoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni, kisha jembe likanichukua, na mkono wangu haujapata kuizoea kalamu. Herufi zangu nyingine zinainama, nyingine zinalala kabisa, na maneno mengine huenda nimeyaandika kama tunavyoyatamka kwetu Bukene. Naandika polepole. Anayesoma naye asome polepole, tutafika pamoja.

Nataka kueleza habari za mtu mmoja wa kwetu. Jina lake nalijua ila silitaji, kwa kuwa ana watoto, na watoto wake hawakunikosea. Mwenyewe alitaka aitwe Tabibu. Ukimwita mganga alinuna. "Mganga ni yule anayetikisa vibuyu porini," alikuwa akisema. "Mimi ni Tabibu." Aliyempa utabibu huo hakumtaja hata siku moja. Basi nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa kila ninapoliandika neno hilo nahisi kama nimetafuna mchanga.

Kazi yake ilikuwa kutibu ng'ombe na mashamba kwa udongo. Udongo wenyewe sina ugomvi nao. Bibi yangu, mama yake mama, alichanganya kunde zake na majivu na udongo laini wa kichuguu kabla ya kuzitia katika kihenge, na wadudu hawakuzitoboa mpaka mvua nyingine. Ndama akiharisha, alichukua udongo mweupe wa bondeni, akauanika, akautwanga, akauchekecha, akaukoroga katika maji na kumnywesha kwa kibuyu. Wengi walipona. Kidonda cha nundu kilipakwa tope zito ili nzi wasitage mayai ndani. Haya kila mwanamke wa kwetu aliyajua, na hakuna aliyevaa kanzu kwa ajili yake.

Tabibu alivaa kanzu. Ilikuwa nyeupe, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni angepaswa kujiuliza: mtu anatibu kwa udongo mwaka mzima, kanzu yake haina hata doa? Jibu ni kwamba hakuugusa. Alisimama chini ya mwavuli wake mweusi, akaonyesha kwa fimbo: paka hapa, paka pale, ongeza nyuma ya sikio, hapo chini ya mkia umebania. Waliopaka walikuwa wenye ng'ombe wenyewe, na mara nyingi walikuwa wanawake. Akimaliza kuonyesha alidai maji ya kunawa. Alinawa mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyetoka kuchinja.

Tena hakuanza kazi kabla hajanywa maziwa. "Koo kavu halitibu," alisema, na kukaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikunywa taratibu, akifumba macho, kisha akatikisa kichwa na kusema maziwa haya yana ugonjwa ndani yake. Lakini aliyamaliza.

Udongo wake aliuita udongo wa msafara. Alisimulia kwamba aliuchimba mahali pa siri kwenye njia ya zamani ya misafara, pale ambapo wapagazi walitua mizigo ya pembe kabla ya kuingia Tabora. "Umekanyagwa na miguu iliyotoka Bagamoyo," alisema. "Umenyonya jasho la wanaume. Ndiyo maana una chumvi, ndiyo maana una nguvu." Maneno haya yalitupendeza sana. Kwetu hakuna nyumba isiyo na babu aliyekuwa mpagazi, na kila babu, ukiwasikiliza wajukuu, alibeba pembe kubwa kuliko ya mwenzake. Kwa hiyo tulipopaka udongo ule tulijiona tunapaka jasho la babu zetu. Tabibu alijua kutukuna palipowasha.

Kumbe aliuchimba kwenye shimo lililo nyuma ya stesheni, pale pale watu wanapochota udongo wa kukandika nyumba. Bata walikuwa wakioga humo. Fundi mmoja wa kukandika alimkuta akijaza kapu akamwuliza, "Tabibu, nawe unajenga?" Akajibu, "Naupeleka huu ukakutane na ule wa msafara. Ule ni mkali mno peke yake." Hakuwahi kukosa jibu. Mtu akikosa aibu, majibu humjia yenyewe.

Sikuwahi kujua anasali wapi. Kwenye nyumba za Waislamu alisema wallahi mpaka wenye nyumba wakaona anazidisha. Kwetu sisi Wakatoliki alifanya ishara ya msalaba juu ya kapu na kusema, "Mwenyezi Mungu alimuumba Adamu kwa udongo. Hakumuumba kwa dawa ya josho." Katekista wetu aliwahi kumsikia, akacheka, akasema hilo hata padri hawezi kulipinga. Ndiyo sababu katekista mwenyewe akamwita atibu mlimau wake, uliokuwa na jeraha kwenye shina. Tabibu akaamuru shina lote lipakwe udongo mzito kutoka chini hadi kwenye matawi. Likapakwa. Mchwa wakaja. Kwa kawaida mchwa hujijengea njia yao ya udongo kwa taabu, kidogo kidogo. Safari hii waliikuta njia tayari, pana, yenye kivuli. Walikula gome lote kwa ndani bila mtu kuwaona, mpaka siku mtoto alipouegemea mlimau ukamfuata chini.

"Tabibu, mlimau umekufa," katekista akamwambia.

"Ulikuwa umeshakufa nilipokuja. Mimi niliuzika kwa heshima."

Watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo penye ubaya wa mtu huyu: alichekesha, na anayekuchekesha humtazami mikono. Msemo wake mkuu ulikuwa, "Udongo hauna kosa." Ng'ombe akipona, ni udongo. Ng'ombe akifa, kosa ni la ng'ombe, au la mvua, au la mke aliyepaka akiwa na hasira. Vijana tulizoea kuutumia msemo huo katika mchezo wa mpira. Mtu akipiga mpira nje ya goli anasema, udongo hauna kosa.

Nisiwe mwongo: ndama wa katekista aliyekuwa akiharisha alimponya. Alimponya kwa udongo mweupe, uliotwangwa na kuchekechwa, kama alivyofanya bibi. Lakini bibi alikuwa amekwisha kufariki, na Tabibu aliutangaza uponyaji ule kutoka Bukene mpaka Nzega kama vile udongo mweupe ameuumba yeye.

Sasa nieleze habari ya josho, maana bila hiyo mtaona namchukia mzee wa watu kwa sababu ya mlimau.

Serikali ilichimba josho karibu na kijiji chetu ili ng'ombe waogeshwe, kupe wafe. Ndigana ilikuwa inatumalizia ndama, na Bwana Mifugo alitueleza kwamba kupe ndio wanaoileta. Bwana Mifugo alikuwa mtu wa kaptura na kelele. Alipotaka kusema jambo jema alilisema kwa kufoka, kwa hiyo hata jema lilisikika kama tusi. Tarishi wa mtemi alipita nyumba kwa nyumba na amri: siku ya kuogesha, kila mwenye ng'ombe alete. Watu waliogopa. Dawa ya josho ilikuwa sumu kweli. Fahali wa jirani alikunywa maji yaliyomwagika akaanguka pale pale mbele ya macho yetu. Ikasemwa kwamba dawa inaingia kwenye ngozi, inakausha maziwa, inatoa mimba. Lakini amri ni amri, na hakuna aliyetaka kwenda kusimama barazani mbele ya mtemi.

Tabibu ndipo alipoona mlango wake. Akaja na udongo mpya, uliokandwa pamoja na mafuta ya ng'ombe. Ukimpaka ng'ombe mwili mzima kabla ya josho, alisema, maji ya dawa yatateleza kama mvua kwenye jani la mgomba. Ng'ombe atakuwa ameogeshwa mbele ya serikali, na hakuogeshwa mbele ya sumu. Akasisitiza: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani. Yaani pale pale kupe wanapokaa.

Kijiji kizima kilipaka. Siku ya josho ng'ombe wetu walikuja wa rangi moja, kama wote walizaliwa na mama mmoja wa udongo.

"Ninyi watu!" Bwana Mifugo alifoka. "Ng'ombe wenu wanalala matopeni kama nguruwe?"

"Ndiyo, Bwana," tukaitikia, na kucheka baada ya kumpita. Tulijiona werevu. Wanyamwezi tumewabebea Waarabu mizigo na Wajerumani mizigo, na katika kubeba huko tumejifunza kumwitikia mkubwa huku tukifanya letu. Safari hii mkubwa alikuwa anasema kweli, na sisi tukafanya letu.

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja, jike, jina lake Sabuni kwa weupe wake, na ndama wake wa kike. Hao ndio waliobaki katika mali ya marehemu baba. Kwa wasioelewa, nieleze ng'ombe huyo alikuwa nini. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa akisema tangu matanga kwamba mjane hawezi kukaa peke yake kwenye boma, ahamie kwake. Mama alimjibu kila mara kwa upole, "Shemeji, mwenye ng'ombe hayuko peke yake." Sabuni alitupa maziwa, samli, na mbolea ya shamba la mahindi, na ndama yule angezaa na boma lingejaa tena. Ng'ombe wale wakiondoka, jibu la mama nalo limeondoka.

Tabibu alizipenda nyumba za wajane. Hakuna mwanamume wa kumwuliza maswali, na kigoda cha baba kiko tupu. Alikalia cha baba.

"Mama Rozalia," alimwambia mama, kwa jina la dada yangu mkubwa, "huyu ndama ni wa kulindwa kuliko mboni ya jicho. Paka nene."

"Hivi haitoshi, Tabibu?"

"Unabana udongo? Udongo ni wa Mungu. Ziba sikio lote."

Mama akaziba. Ndama alipelekwa josho na kurudi, akapelekwa tena, kila mara akiwa na joho lake la tope. Kisha tezi za chini ya masikio zikamvimba, akaacha kunyonya, akahema na kutoa povu puani, akafa. Tabibu alipoitwa alitazama kutoka kwenye mwavuli. "Mlimpaka alfajiri au asubuhi?" Mama akasema asubuhi. "Enhe," akasema, kama mtu aliyekwisha kupata alichokitafuta. Akanywa maziwa, maana ya ndama sasa yalibaki, akaagiza Sabuni apakwe mara mbili.

Siku ya josho iliyofuata Sabuni alikuwa ameanza kudhoofika, na mama aliogopa asije akasukumwa na mafahali akaangukia ndani. Akaamua kumwahisha kabla ya watu. Mimi nilimfuata na kamba. Tulipofika, jua halijatoka vizuri, tukakuta ng'ombe wanatoka majini upande wa pili, wanajikung'uta. Walikuwa ng'ombe wa Tabibu. Manyoya yao yaling'aa. Masikio yao yalikuwa safi, mekundu kwa ndani, hayana hata chembe ya tope.

Mama akamwendea mchungaji wao, kijana wa Kisukuma aliyeajiriwa.

"Baba, hawa mbona hamkuwapaka?"

Yule kijana hakujua kuna siri ya kuficha. "Bwana Tabibu amekataza, mama. Anasema udongo unazuia dawa, kupe hawafi."

Mama alimgeuza Sabuni, hakumwogesha, akaniachia kamba, akaenda. Nilimfunga Sabuni kwenye nguzo nikamkimbilia. Tabibu alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, watu wawili watatu wakisubiri tiba, kapu la udongo liko mbele yao.

"Karibu, Mama Rozalia. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ng'ombe wako nimewaona wanatoka josho."

"Wangu?"

"Wako. Weupe peee. Kwa nini hawapakwi?"

Tabibu akatabasamu, akawatazama wale watu. "Wangu wamezoea dawa. Wako hawajazoea."

"Sasa watazoeaje na wewe unawakinga?"

Mzee mmoja pale akakohoa. Tabibu akasema, "Haya ni mambo ya elimu, mama. Usiyaingilie na uchungu wa ndama. Udongo hauna..."

Hakumaliza. Mama alitia mikono yote miwili kapuni, akampaka kifuani, begani, mpaka kwenye shingo. Tope zito lenye mafuta. "Ukingwe na wewe!" alikuwa akisema. "Nakukinga! Nimebana hapa? Ngoja nizibe sikio!" Na sikio akaliziba. Tabibu alipiga kelele kama mbuzi, "Kanzu yangu! Kanzu yangu, mwanamke wewe!" Nilijua wakati ule kwamba nimekiona kitu pekee alichokipenda duniani.

Kijiji kilicheka kwa mwezi mzima. Bwana Mifugo alipata habari, akaja akaingiza kidole katika sikio la ng'ombe mmoja, akatoa donge, akatoa na kupe waliovimba kama zabibu. "Serikali imenunua dawa," akasema, na kwa mara ya kwanza hakufoka, "ninyi mnaogesha udongo." Kuanzia hapo watu waliacha kupaka.

Lakini kicheko hakikumponya Sabuni. Tulimwosha kwa maji ya moto na majivu, mama akamtoa kupe mmoja mmoja kwa vidole, akamlazimisha uji. Akafa akiwa ameegemea ukuta wa nyumba, upande wa jikoni. Baba mdogo alikuja kutupa pole. Alikuwa mpole sana siku ile. "Shemeji," akasema, "sasa je?" Mama hakuwa na jibu. Alifunga vyombo vyake. Leo anaishi nyuma ya jiko la mke mkubwa wa baba mdogo, anaomba ruhusa kwenda kwa dada, anaomba ruhusa kwenda misa ya siku za kazi. Boma letu mchwa wamelimaliza. Mimi niliingia Tabora kutafuta kazi, na sasa nabeba magunia ya karanga katika ghala.

Mwaka huu baada ya mavuno nilikuwa napita Ipuli. Pembeni ya njia niliona watu na mifugo wakielekea josho la nje ya mji, na kati yao mwavuli mweusi. Alikuwa yeye. Amezeeka kidogo, amenenepa zaidi, kanzu mpya. Mbele yake mzee mmoja mwembamba alikuwa amemshika mtamba mweusi mzuri, mkono wake mwingine umejaa udongo. Sikio moja la mtamba lilikuwa limekwisha kuzibwa.

Mimi si msemaji. Nikiwa mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito, na hata ghalani wananiita bubu. Lakini nilimwona mtamba yule, na miguu ilinipeleka yenyewe.

"Mzee, usimpake," nikasema. "Udongo huo unawakinga kupe wasifikiwe na dawa. Mama yangu alipaka, ng'ombe wake wakafa wote."

Yule mzee akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Kijana, umetokea wapi? Hata kuamkia hujaamkia, umeanza kuwafundisha wakubwa?"

Uso ukaniwaka. Alikuwa na haki. Nikainamisha kichwa, nikamwambia yeye, yule mzee, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu!" akaitikia Tabibu, kwa sauti kubwa, kabla mwenzake hajafungua mdomo. Sijui kama alinitambua. Alikuwa anatabasamu.

Nikajikaza mara ya pili. "Mzee, mwulize ng'ombe wake mwenyewe wanaogeshwaje. Wanapakwa?"

Mzee akamgeukia. Tabibu akavuta pumzi, akashusha mabega, akasema kwa huzuni, "Mimi ng'ombe sina tena, ndugu yangu. Mali ya dunia nimewaachia wanangu. Nimebaki na kuwahangaikia wa wenzangu tu."

Yule mzee akatikisa kichwa kwa kumhurumia. Kisha akamgeuza mtamba wake shingo, akachota udongo, na kuliziba sikio la pili.

Nilikuwa sina neno la tatu. Niliondoka, na Tabibu akanisindikiza kwa sauti, "Wasalimie nyumbani!"

Wasomaji wenzangu, niandikieni kwa mkono wa mhariri wa gazeti hili, hata kwa herufi mbaya kama zangu. Kama mtu wa mwavuli na kanzu isiyo na doa amepita kwenu, Igalula au popote kwenye reli, niambieni anajiita nani sasa na ng'ombe wa nani amewapaka. Na mwenye kujua neno ambalo ningemwambia yule mzee, akamwacha mtamba wake na sikio moja wazi, aniandikie hilo kwanza.